Jino Lililopindishwa Makusudi

Kicheko hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wateja wa nyumba ya kulala wageni alikofanya kazi ya mapokezi. Mtu alikuwa anaweza kufika pale amechoka, amelowa mvua, begi limekatika mkanda, akamkuta yule dada nyuma ya meza ndefu ya mbao anacheka na mpishi, na kabla hajaulizwa anataka chumba cha juu au cha chini, naye akajikuta anacheka, hata hajui wanacheka nini. Kicheko alikuwa anacheka kwa mdomo mzima. Kucheka kwa adabu hakukujua, na hakuna aliyemtaka akujue. Baadaye jina lilimtoka, watu wakaacha kumwita hivyo mmoja baada ya mwingine, na nitaeleza lilimtokaje. Lakini mimi nitaendelea kumwita Kicheko, kwa ubishi wangu tu.

Mumewe alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango unafungukia barabarani: pazia la bluu ukutani, stuli ya kuzunguka, taa mbili zenye miavuli, na kioo cha wateja kujiweka sawa nywele. Mtaa mzima ulimwita Bwana Picha. Alikuwa amehamia mji ule akiwa kijana, peke yake, kutoka mbali, na alikuwa na tabasamu. Sisemi alikuwa anatabasamu, kwani nani hatabasamu? Nasema alikuwa nalo, kama mtu anavyokuwa na duka. Watoto wanaolia mbele ya kamera walinyamaza wakiliona. Meno ya juu meupe, yamejipanga vizuri, isipokuwa moja la pembeni, kushoto, lililomlalia mwenzake kidogo. Na hilo ndilo lililommaliza Kicheko, siku alipokwenda kupiga picha ya kitambulisho akatoka pale na mchumba.

"Mwanaume mwenye meno yaliyonyooka yote simwamini," aliwaambia wenzake kazini. "Lakini yule kaka ana kajino kamoja kakorofi. Mtu mwenye kajino kama kale hawezi kuwa mwongo."

Wakaoana, wakampata binti. Binti alipofika umri wa kuota meno ya ukubwani, moja la pembeni likatoka limepinda. Mama yake mkubwa, dada yake Kicheko, akamshika kidevu mbele ya watu waliokuja kuwatembelea, akampanua mdomo.

"Haya, tazameni wenyewe! Jino la baba yake hili, limetoka kama lilivyo. Hapa hakuna wa kumkana mtoto."

Bwana Picha akainama, akalichungulia lile jino, akasema, "Langu kabisa hili." Alisema hivyo uso mkavu, wala hakupepesa macho.

Mwaka huohuo Kicheko alianguka. Sakafu ya mapokezi ilikuwa imetoka kupigwa deki, simu ikalia mezani, naye akaikimbilia kutoka jikoni kama alivyozoea kukimbilia kila kitu. Mguu ukateleza, mdomo ukafikia kwenye kona ya meza. Meno mawili ya mbele, ya juu, yalibaki sakafuni. La tatu lililokuwa jirani yao lilicheza siku chache, kisha daktari wa meno wa hospitali akaling'oa, akasema halina la kufanyiwa.

Daktari yule alimweleza vizuri. Kidonda kikipona, arudi, asikae sana. Kicheko akaenda nyumbani na mambo yake kichwani, na alipomkuta mumewe studio anafuta lenzi, akamweleza huku kitambaa kiko mdomoni.

"Anasema njia zipo. Kuna ya kuvaa na kuvua. Kuna ya kugandisha moja kwa moja, yanashikiliwa na haya ya jirani, wanaita daraja. Na kuna ya kupandikiza: wanakutia skrubu ndani ya mfupa wa taya, halafu jino linakaa juu yake."

"Skrubu? Kwani wewe kabati?"

Kicheko akacheka, ingawa kucheka kulimuuma. "Basi hata hayo ya kuvaa."

Bwana Picha aliiweka lenzi chini. Akamshika mkewe mkono, akamketisha kwenye stuli ya wateja.

"Mke wangu, nisikilize. Meno ya bandia? Mambo ya kulaza meno kwenye glasi ya maji kama samaki wa mapambo? Mimi hapana. Nitakuwa nambusu nani, wewe au plastiki? Mimi nilioa mtu, sikuoa meno. Uwe nayo, usiwe nayo, kwangu ni wewe yuleyule. Kaa hivyohivyo. Nakupenda hivyohivyo."

Niambieni mwanamke gani asingelainika. Amevimba mdomo, damu haijakatika, anajiona kama kibuyu kilichotoboka, halafu mume mwenye tabasamu lile anamwambia maneno kama yale. Kicheko alilia kwa furaha. Hakurudi kwa daktari.

Maneno yale aliyabeba kama kipande cha dhahabu. Ukimwuliza habari ya lile pengo, hata kama hujauliza, atakwambia: "Mume wangu hapendi ya bandia. Anasema yeye alioa mtu." Na wanawake wenzake walikuwa wanaguna kwa wivu, maana wao waume zao walikuwa wanawahesabia mpaka mikunjo ya shingo.

Lakini pengo lina mambo yake, halisikilizi maneno matamu. Kwanza lilimharibia usemi. Upepo ulikuwa unapita pale mbele, na neno lolote lenye "s" au "f" lilitoka na filimbi yake. Kwenye simu ya mapokezi wageni walikuwa wanamwambia, "Unasemaje?" Akaanza kusema kidogo. Kisha akaanza kusema mkono ukiwa mdomoni, na mgeni mpya asiyemjua akadhani dada huyu ana dharau, au anaziba pua. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alizungukazunguka maneno wee, mwisho akasema pengine angependa kupumzika na kelele za mapokezi, kule nyuma chumba cha pasi kina nafasi. Kicheko akasema sawa. Mapokezi akaletwa msichana mwenye meno yote, asiyejua kucheka.

Chumba cha pasi kilikuwa na dirisha moja la juu, meza mbili, na mashuka yasiyokwisha. Pale hakuna aliyehitaji mdomo wake. Na huko ndiko jina lilikomtoka, kwa sababu mtu haitwi Kicheko akiwa anacheka na kiganja usoni.

Kula nako kukawa shughuli. Mbele hakuna cha kukatia, akawa anasukumia kila kitu upande wa kulia. Upande wa kulia nao ukachoka, gego moja la huko likaoza, likang'olewa, akahamia kushoto. Akawa anameza vitu havijasagika, na tumbo likamgombeza kila siku. Mdomo wa juu, ulipokosa cha kuegemea, ukaanza kuzama. Siku moja sokoni mwanamke ambaye kwa macho tu walikuwa rika moja alimwambia, "Shikamoo, bibi." Kicheko aliitikia marahaba, akarudi nyumbani bila vitu alivyofuata.

Na Bwana Picha, ah, Bwana Picha alikuwa mume wa kuigwa! Mezani alikuwa anakata chakula chake vipande vidogo vidogo kama vya mkewe. Tunda hakuling'ata, alichukua kisu, akalichana vipande vyembamba, akawekea sahani zote mbili. "Nakuunga mkono," alisema. "Kwa nini ule hivyo peke yako?" Kicheko aliisimulia hiyo nayo chumba cha pasi, na mama mmoja wa mashuka akaweka pasi chini akasema, "Wewe mwenzetu umepewa malaika."

Malaika mwenyewe alikuwa na mazoea yake. Bafuni alijifungia, komeo mpaka mwisho, na alikuwa anakaa sana. Mkewe alijua ni mtu wa usafi. Hakuna aliyewahi kumwona akipiga mswaki, lakini nani anakaa kufikiria mambo ya mswaki wa mumewe?

Basi, ikapita miaka. Binti akawa mkubwa, akaenda kusoma chuo mji mwingine. Wakabaki wawili.

Ndipo asubuhi moja Kicheko akiwa jikoni akasikia kitu kimeanguka bafuni, kimegonga sinki, kakk, na sauti ya mumewe ikisema, "Mungu wangu!" Akaenda mlangoni. "Kuna nini?" Kimya. "Umeumia?" Kimya. Baada ya muda mrefu Bwana Picha akatoka amejifunga skafu ya sufi kuanzia kidevuni mpaka puani, ameipitisha juu ya kichwa, na jua lilikuwa kali. Akajishika shavu, akafumba macho kama mtu anayesikia maumivu makubwa.

"Jino?" Kicheko akauliza.

Akatikisa kichwa: ndiyo.

"Limevimba? Hebu nione."

Hapana, hapana, hapana. Kichwa kilitikisika mpaka skafu ikataka kufunguka, naye akaidaka kwa mikono miwili. Akatoka nje mbio kwa ishara za kwenda kutafuta dawa, akarudi na vidonge vya maumivu, akaketi karibu na dirisha, skafu ileile. Studio ikafungwa. Mteja mmoja alikuja kugonga, hakufunguliwa.

Kicheko alimhurumia kwa moyo wake wote. Nataka mjue hilo, maana linaniudhi mpaka leo. Alimchemshia maji ya chumvi. Alimpikia uji mwepesi, akamwambia ageuke kidogo anywe, naye akaugeukia ukuta akanywa. Akamwambia twende kwa daktari wa meno, nakusindikiza; jamaa akakataa kwa kichwa na mikono na miguu. Kicheko akajiambia, masikini, mume wangu anaogopa koleo. Mtu mzima yule! Akampenda zaidi kwa woga wake.

Siku ya pili, alipotoka kazini, akaona haiwezekani mtu akafa na jino kwa sababu ya woga. Akapita kwenye kliniki ya meno iliyo nyuma ya duka la miwani, ili aulize yeye kwa niaba yake. Chumba cha daktari kilikuwa kitupu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kutoka huko kulikuja mlio wa mashine ndogo ya kusaga. Akaufuata.

Kilikuwa chumba cha fundi anayetengeneza meno ya bandia. Mzee mnene, miwani mizito, aproni imejaa vumbi la rangi ya waridi kama mtu aliyepakwa unga wa keki. Mbele yake kulikuwa na meza yenye taya za plasta za watu wasiojulikana, taa ya spiriti, nta, na vijiko vya kuchongea.

"Karibu dada. Usikanyage hapo, plasta mbichi hiyo."

"Ahsante, fundi. Namtafuta daktari. Mume wangu anaumwa jino, amejifunga uso siku ya pili leo, hataki hata kuonwa."

"Jino linalouma si langu hilo. Mimi natengeneza yale yasiyouma." Akacheka mwenyewe. "Daktari katoka, anarudi sasa hivi. Vuta stuli."

Kicheko akaketi, na macho yakatembea juu ya meza. Karibu na kiwiko cha fundi kulikuwa na kipande cha plastiki cha rangi ya waridi chenye meno ya mbele, ya juu, kimepasuka katikati na kuunganishwa, kimelazwa juu ya plasta kikisubiri kukauka. Alikitazama akatabasamu. Alitabasamu kabla hajajua kwa nini, kama unavyotabasamu ukikutana na mtu unayemfahamu mahali ambapo hukumtegemea. Kisha akajua. Pembeni, kushoto, jino moja lilikuwa limemlalia mwenzake.

Fundi akafuata macho yake, akavimba kichwa.

"Unaliangalia lile? Zuri, eh? Lile nimelipindisha makusudi. Ndio ufundi wenyewe, dada. Ukiyapanga yote yakanyooka, mtu anajua haya ya dukani. Mwenye nayo alikuja kwangu kijana kabisa, pikipiki ilimwangusha huko kwao, meno ya mbele yote yakaenda. Anatafuta mke. Akaniambia, fundi, nipindishie moja, nikipata mchumba asije akashtuka."

"Na mchumba hakushtuka?"

"Atashtuka nini? Hii ya ngapi sasa, kila ikichakaa namtengenezea nyingine, jino ni lilelile. Mkewe hajui mpaka leo! Jana imemponyoka bafuni ikapasuka, kaja hapa mbio kajifunga kama mtu wa baridi." Akapangusa vumbi kwenye miwani, machozi ya kicheko yanamtoka. "Hicho ndicho cheti changu, dada. Mtu analala na mke miaka yote, mke hajui. Wenye vyeti vya ukutani wanipe kama hicho."

Fundi, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alimtazama sasa kwa jicho la kazi.

"Na wewe je? Hilo pengo la siku nyingi. Mbona umeliacha?"

"Mume wangu hapendi ya bandia," alisema Kicheko.

Lilimtoka kwa mazoea. Alikuwa amelisema mara nyingi mno kwa miaka mingi mno, likatoka lenyewe, na baada ya kutoka ndipo alipolisikia. Fundi akatikisa kichwa.

"Wanaume wengine, bwana," alisema, akarudi kwenye mashine yake.

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa fupi na Kicheko aliifanya ndefu. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua ianzie wapi. Meno ya mumewe hayakumuudhi. Mtu kaanguka na pikipiki, afanyeje? Aibu ya kijana anayetaka kuoa aliielewa, angeweza hata kuicheka. Kilichomchoma ni vile vitu vidogo vilivyokuwa vinamjia kimoja kimoja kila alipokanyaga. Kile kisu cha matunda. Kumbe hakuwa anamuunga mkono. Alikuwa hawezi kung'ata, akaligeuza pengo la mkewe kuwa pazia lake! Na yeye mjinga akaenda kujisifia. Alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa miaka yote hiyo, na akashukuru kwa kupakwa.

Alimkuta dirishani, skafu yake usoni. Kicheko akavua viatu, akaweka pochi mezani, akaketi kitako mbele yake.

"Fundi anasema hayajakauka," alisema. "Ukayachukue kesho."

Bwana Picha alitulia kama watu walivyokuwa wakitulia mbele ya kamera yake. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yanaonekana juu ya ile sufi, na macho hayo yalikwenda mlangoni, yakarudi, yakaenda chini. Polepole akafungua skafu. Ilikuwa mara ya kwanza Kicheko kumwona mumewe. Mdomo wa juu ulikuwa umezama kama wake, mikunjo ileile pembeni, umri uleule.

"Umemwambia mtu?" akauliza. Na ile "s" aliyofuatisha, aliposema, "Usimwambie mtu, mke wangu, na binti usimwambie," ilitoka na filimbi.

Kicheko alingoja. Alifikiri pengine hilo ni la kutangulia tu, kwamba nyuma yake linakuja jingine. Halikuja.

"Siku ile," alisema, "uliponiketisha kwenye stuli. Ukaniambia hutaki kubusu plastiki. Yalikuwa mdomoni?"

"Mke wangu…"

"Nimekuuliza. Yalikuwa mdomoni?"

"Yalikuwa."

"Ukijua yanavyokaa. Ukijua unakula nayo, unasema nayo, hakuna mtu anayejua."

"Ningekuacha uende, ungeyajua!" alisema Bwana Picha, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Ungejua yanavyong'aa, yanavyooshwa, yanavyocheza mtu akipiga chafya. Siku moja ungenitazama tu ukajua. Niliogopa. Nilisema acha kwanza, mwaka huu upite. Halafu ukapita mwingine, na wewe ukawa umezoea."

"Nilizoea?"

"Nilikuona umezoea."

"Nimeitwa bibi sokoni na mwanamke wa rika langu. Nimetolewa mapokezi nikawekwa na mashuka. Binti yangu ana picha zangu zote nimebana midomo kama mtu mwenye siri, na wewe ndiye uliyekuwa unazipiga, unaniambia mama, bana kidogo. Ningekwambia nini mimi, kama ungenionyesha? Ningecheka! Ningekucheka siku nzima, halafu ningeyaosha kwa mkono wangu." Alikuwa analia sasa na hakujiziba mdomo. "Uliona heri mimi nikae na pengo kuliko wewe uonekane unalo."

Mumewe alilia naye. Alisema nisamehe, akasema tena, na sidhani alikuwa anaigiza. Lakini alipochelewa ndipo alipochelewa. Lile la kwanza lililomtoka lilikuwa limekwisha kumtoka.

Wiki hiyo Kicheko alikwenda kliniki, safari hii kwa ajili yake. Daktari alikuwa dada mdogo, mwenye mikono myepesi. Akamgongagonga, akampiga picha ya taya, akaibandika kwenye taa, akakaa anaitazama.

"Mama, ulikaa muda mrefu."

"Nilikaa."

"Basi nikueleze ukweli. Mfupa ukikosa jino, unapungua. Hauna kazi, unajiondokea. Hapa mbele umebaki mwembamba sana, skrubu haina pa kushika. Ungetaka kupandikiza, tungeanza kwa kuongeza mfupa, hospitali kubwa, upasuaji, na bado nisingekuahidi. Daraja nalo linataka meno ya jirani yawe imara. Ya kwako haya yameinamia kwenye pengo, na hili linacheza. Na la chini limepanda juu, limekosa wa kukutana naye."

"Ningekuja zamani?"

"Ulipoanguka? Ungechagua unalotaka." Daktari hakujua anasema nini, na hakuwa na sababu ya kujua. "Sasa yamebaki ya kuvaa na kuvua. Si mabaya. Fundi wetu ni stadi, atakufanyia mtu asijue."

"Mwambie ayanyooshe yote," alisema Kicheko. "Wajue."

Binti alipopiga simu wiki zile akauliza habari za nyumbani, mama yake alisema njema. Alijaribu kusema jingine, akashindwa aanzie wapi, maana angeanza na meno ya baba ingebidi afike kwenye maneno ya baba, na mtoto alikuwa anampenda baba yake. Sasa na yeye alikuwa anaficha. Hilo nalo alimhesabia mumewe, juu ya yale mengine.

Meno yakawa tayari. Fundi alipomwona pale, na yule mteja wake wa skafu ndiye mume aliyekuja kumsindikiza, aliwatazama wote wawili, akaelewa, akaizima mashine yake. Alifanya kazi yote kimya kimya, na alipomaliza alimwomba Kicheko radhi kwa sauti ya chini, peke yao. Yeye ndiye aliyetangulia kuomba radhi kabla ya kuomba kitu kingine, na hakuwa hata amekosa.

Walirudi nyumbani. Kicheko alikuwa anahisi kama ametiwa kijiko mdomoni na hana ruhusa ya kukitoa. Ulimi haukujua uende wapi. Mate yalimjaa, kichefuchefu kikampanda, fizi zikamuwasha. Akaketi kwenye kiti cha jikoni, akashika meza.

Bwana Picha akavuta kiti akaketi mbele yake, magoti karibu yakutane.

"Pumua kwa pua," alimwambia. "Kichefuchefu kinakwisha. Ulimi ulaze chini, usiusukumie mbele, ukiusukuma yanacheza. Haya."

Akapumua. Kichefuchefu kikashuka.

"Chukua gazeti usome kwa sauti, peke yako, chumbani. Maneno yenye 's' rudia rudia, ndiyo yanayosumbua kwanza. Usiyasugue na dawa ya meno, inayakwaruza. Sabuni laini tu. Ukilala yavue, fizi zipumue. Mimi sikuyavua, ndiyo maana zangu zimechubuka mpaka leo. Na pakianza kidonda, usivumilie, mrudie fundi apunguze pale pale. Nilivumilia mimi, bure tu."

Alikuwa anasema kwa upole ule wake, amemshika mkono, anatafuta katika kumbukumbu asije akasahau kitu cha kumsaidia. Na vyote vilikuwa vya kweli. Kicheko alikuwa anavijaribu papo hapo, kimoja kimoja, na kila kimoja kilifanya kazi. Ujuzi huu wote alikuwa nao. Alikuwa nao siku ile ya stuli, na siku ya sokoni, na kila siku aliyomkatia tunda.

"Mwezi wa kwanza ndio mgumu," alimalizia Bwana Picha. "Baada ya hapo unasahau kabisa kama unayo."

"Wewe ulisahau?"

"Wallahi, mke wangu, zipo siku nilisahau kabisa." Alitabasamu kumtia moyo, tabasamu lote, na lile jino lake.

Kicheko alimtazama. Akautoa mkono wake kwenye mkono wa mumewe.

"Mimi sikusahau hata siku moja," alisema, na kila neno lilitoka safi.